Chungu Kisichowekwa Jikoni

Mfinyanzi hulia gaeni. Ndivyo wasemavyo wazee wa pwani, nao wasema kweli. Tangu zamani mtu awafinyangiaye wengine vyungu hukosa chungu kizima nyumbani kwake. Vilivyo vizuri huvipeleka sokoni, na vilivyopasuka motoni hubaki naye. Mithali hiyo yaeleza shida ya fundi, lakini yafunua pia tabia yetu sisi sote: twanunua chungu, twakitumia, kikivunjika twakitupa, wala hatuulizi aliyekifinyanga ni nani na alijifunza wapi.

Wasomaji wapenzi, wiki hii twataka kuwapeni habari za vyungu vya namna nyingine. Havikufinyangwa kwa ajili ya kupikia wala kwa kutekea maji. Vimefinyangwa vitazamwe. Kimoja kina tumbo kama mama mjamzito, kingine kina shingo ndefu kama ya ndege mtoni, cha tatu kina ngozi nyororo kama kibuyu kilichokomaa shambani. Vyungu hivyo huwekwa katika nyumba za makumbusho, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuvitazama.

Najua mtasema: chungu kisichopika chafaa nini? Wengi wetu tumeuliza hivyo, na swali hilo si la kipumbavu, hasa katika nyumba ambamo unga wa bukari hupimwa kila jioni kwa uangalifu. Yafaa lijibiwe kwa heshima. Basi tulijibu polepole, tukianza karibu na nyumbani, katika komini ya Annexe.

UDONGO WA ANNEXE

Mji wa Lubumbashi una komini saba. Sita kati yake zimekaribiana, na ya saba, ndiyo Annexe, yazizunguka nyingine kama ua lizungukavyo nyumba. Huko ndiko mji unakokutana na mashamba na mabaki ya msitu wa miombo. Huko ndiko pia familia nyingi zinakotafuta kiwanja cha kujenga. Na nyumba nyingi za huko hutoka katika ardhi ile ile zinaposimama: watu huchimba udongo, huukanyaga kwa maji, hufyatua matofali, huyaanika juani, kisha huyapanga kuwa tanuru na kuyachoma kwa kuni.

Udongo upendwao sana na wafyatua matofali ni ule wa vichuguu. Mgeni afikaye Katanga hustaajabu kuviona, maana vingine ni virefu kupita paa la nyumba. Vimejengwa na mchwa wa jamii ambayo wataalamu huiita Macrotermes falciger. Wadudu hao hupandisha chembe laini za udongo kutoka chini ya ardhi, punje kwa punje, na kuzigandisha kwa mate yao. Ndiyo sababu udongo wa kichuguu hunata vizuri kuliko ule wa juu ulio kando yake. Mwaka 2015 wataalamu walichapisha habari za umri wa vichuguu vya Katanga. Kimoja kilichokwisha hamwa na mchwa wake walikikuta kimeanza kujengwa zaidi ya miaka 2000 iliyopita, yaani kabla Bwana wetu hajazaliwa Bethlehemu.

Twawaomba watoto wetu wakitazame kichuguu kwa makini kabla hakijawa matofali. Hakina pembe hata moja, wala hakuna ukuta wake ulionyooshwa kwa kamba. Kimevimba penye nguvu, kimechongoka penye mvua, na ndani yake mna njia za hewa. Umbo lake limetokana na uhai uliomo. Mwanadamu akija na kibao chake cha kufyatulia huligeuza umbo hilo kuwa mraba, naye afanya vema, kwa kuwa ukuta wahitaji mraba. Lakini kuna mafundi ambao huushika udongo huo huo wakauacha ufuate maumbo ya vitu vilivyo hai, kama mbegu, tunda, kibuyu, mdudu, au mwili wa mtu. Habari za mafundi hao ndizo tunazozitaka leo.

VYUNGU VYA ZIWA KISALE

Mtu asidhani kwamba chungu kisichowekwa jikoni ni jambo lililoletwa na Wazungu. Kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, katika bonde la mto Lualaba, liko ziwa Kisale. Ukingoni mwa ziwa hilo, mahali paitwapo Sanga, wataalamu wa mambo ya kale walichimba makaburi mengi. Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifanya kazi huko katika miaka ya 1957 na 1958, na baadaye, mwaka 1974, akaja Pierre de Maret. Walikuta mifupa ya watu waliozikwa kwa heshima kubwa, pamoja na mapambo ya shaba, vyombo vya chuma, na vyungu vingi vilivyopangwa kuwazunguka marehemu. Makaburi yaliyo maarufu zaidi ni ya kati ya karne ya 8 na ya 13 hivi.

Vyungu hivyo ni vizuri ajabu. Vina matumbo ya mviringo, shingo zilizopinda kwa upole, na midomo iliyopambwa kwa mistari. Na vingi havionyeshi dalili ya kutumika jikoni. Wataalamu wanaamini kwamba vilifinyangwa kwa ajili ya maziko. Hata makaburi ya watoto yalipewa vyombo, navyo vilikuwa vidogo.

Mzazi aliyewahi kumzika mtoto ataelewa bila kuelezwa. Mama mmoja, au shangazi, au bibi, alikaa chini akafinyanga kichungu kidogo ambacho alijua hakitapika chakula. Alikichoma kwa kuni ambazo zingeweza kupikia wengine. Wazee hao walikuwa hawajaisikia Injili, lakini walijua kwamba mtu hazikwi kama mnyama, na kwamba upendo huhitaji chombo cha kuuonyesha. Kwao udongo uliosema jambo hilo ulikuwa na kazi kubwa kama ule uliopika.

KICHWA JUU YA MTUNGI

Twende sasa upande mwingine wa Kongo, kaskazini-mashariki, katika nchi ya Uele. Huko Wamangbetu walijulikana kwa mitungi yenye kichwa cha mtu. Tumbo la mtungi ni la kawaida, lakini shingo yake imegeuzwa kuwa uso wa mwanamke mwenye kichwa kirefu na nywele zilizosukwa zikafunguka juu kama ua. Wakati ule ilikuwa desturi ya watu wakubwa wa huko kuurefusha hivyo utosi wa watoto kwa kuufunga kamba, na kusuka nywele kwa namna hiyo. Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na nyumba ya makumbusho ya New York, walisafiri Kongo tangu mwaka 1909 hata mwaka 1915, wakarudi na vitu vingi vya sanaa vya nchi hiyo.

Wachunguzi wamesema kwamba mitungi mingi ya namna hiyo ilitengenezwa ili watu wakubwa wapeane zawadi, na baadaye ili wageni wainunue. Wamesema pia kwamba mara nyingi mwanamke alifinyanga mtungi na mwanamume akachonga kichwa chake. Jambo hilo lafaa kukumbukwa. Waliosifiwa walikuwa wachongaji wa vichwa, lakini bila mtungi wa mama kichwa hicho kisingekuwa na mahali pa kukaa.

Na lugha yetu yenyewe yajua kwamba chungu ni kama mtu. Twasema mdomo wa chungu, shingo ya mtungi, tumbo la mtungi, kitako cha chungu. Hakuna mwalimu aliyetufundisha kusema hivyo. Kila mtu aliyekishika chungu alikiona mwili.

LADI KWALI WA NIGERIA

Katika miaka ya 1950 jambo jipya lilitokea Nigeria. Mwingereza mmoja, jina lake Michael Cardew, mfinyanzi aliyekuwa mwanafunzi wa Bernard Leach, alifungua karakana ya ufinyanzi katika mji ulioitwa Abuja, ambao leo huitwa Suleja. Alikuwa amekusudia kuwafundisha Waafrika ufundi wa tanuru la moto mkali na wa kupaka vyombo rangi iyeyukayo ikawa kama kioo. Mwaka 1954 alijiunga naye mama wa kabila la Wagwari, Ladi Kwali, aliyezaliwa katika kijiji cha Kwali yapata mwaka 1925. Mama huyo alikuwa amejifunza ufinyanzi utotoni kwa shangazi yake, nao ufundi wake ulijulikana kabla Cardew hajamwona.

Ladi Kwali hakuhitaji gurudumu la kuzungushia udongo. Alijenga mtungi kwa kamba za udongo, akiuzunguka mwenyewe kwa miguu yake, hata ukawa mkubwa na wa mviringo kama tunda. Kisha alichora juu yake mijusi, nyoka, nge, samaki na mamba. Katika karakana ile mitungi yake ilipakwa ile rangi ya kioo, ikachomwa katika moto mkali.

Hapo pana jambo la kuangalia. Mtungi wa kijijini, uliochomwa kwa moto mdogo, huwa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya kidogo kidogo, hutoka nje kama jasho, na upepo ukiyakausha mtungi hupoa, na maji ya ndani hupoa pia. Lakini mtungi uliofunikwa kwa kioo hautoi jasho, kwa hiyo hauwezi kuyapoza maji. Mitungi ya Ladi Kwali, ilipoingia katika tanuru jipya, iliacha kazi yake ya zamani. Ikawa ni ya kutazamwa. Watu wa Ulaya na Marekani walikuja kumwona akifinyanga, naye alisafiri kwenda kwao kuonyesha kazi yake. Mwaka 1962 Uingereza ilimpa nishani, na mwaka 1977 chuo kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa shahada ya heshima. Alifariki mwaka 1984. Leo picha yake imo nyuma ya noti ya naira 20. Mama wa kijijini aliyefunzwa na shangazi yake yumo mikononi mwa taifa zima kila siku ya soko.

BINTI WA NAIROBI

Mwaka 1950, mjini Nairobi, alizaliwa Magdalene Odundo. Alisoma India na Kenya, akajifunza uchoraji wa matangazo na vitabu, na mwaka 1971 akaenda Uingereza kuendelea na masomo katika mji wa Cambridge. Huko ndiko alikoupenda udongo. Lakini mtu aliyemtia moyo, naye ni yule Michael Cardew, alimshauri aende Afrika kujifunza. Basi kati ya miaka ya 1974 na 1975 alikwenda Abuja, akakaa karibu na Ladi Kwali na akina mama wenzake, akatazama mikono yao. Alirudi Kenya pia kuwatazama wafinyanzi wa vijijini. Mwaka 1976 alifika San Ildefonso, kijiji cha Wahindi Wekundu katika jimbo la New Mexico, Marekani, mahali pa mfinyanzi mashuhuri Maria Martinez, aliyejulikana kwa vyungu vyeusi ving'aavyo. Mwaka 1982 alimaliza masomo yake makubwa katika Royal College of Art mjini London.

Tufikiri kidogo juu ya safari hiyo. Binti wa Kiafrika alivuka bahari kwenda kusoma, na alipofika aliambiwa kwamba walimu wake wengine wamekaa chini ya mti katika bara lake mwenyewe. Wengi wetu tungeona haya kurudi. Yeye alirudi, akajifunza kwa wanawake ambao hawakuwa na vyeti ukutani.

Tuseme sasa jinsi afanyavyo kazi, maana ufundi hauelezwi kwa sifa tupu. Huchukua donge la udongo, hulitoboa kwa ngumi, kisha huuvuta udongo juu na kuongeza kamba za udongo. Huukwangua kwa kipande cha kibuyu mpaka ukuta wa chombo uwe mwembamba. Ukikauka kidogo huusugua kwa jiwe laini. Huupaka uji wa udongo ulio mwembamba sana, kisha husugua tena, mara nyingi, hata chombo king'ae bila kupakwa rangi yo yote ya kioo. Kazi ya kusugua peke yake huchukua siku nyingi, na vyombo amalizavyo kwa mwaka mmoja ni vichache.

Kisha huja moto. Udongo wake una chuma ndani yake. Ukichomwa katika tanuru lenye hewa ya kutosha, chuma hushika oksijeni ya hewa, na chombo huwa chekundu kama jua linapotua. Akitaka chombo cheusi hukichoma mara ya pili pamoja na vitu vitoavyo moshi, tena akiunyima moto hewa. Moto ulionyimwa hewa hutafuta oksijeni hata ndani ya udongo wenyewe, moshi nao hupenya, na wekundu hugeuka weusi. Mara nyingine chombo kimoja hubaki na rangi zote mbili, na fundi hajui kabisa atakuta nini siku atakapolifungua tanuru. Wapikaji wa makala watakielewa kisa hicho upesi, maana tanuru la makala nalo huishi kwa kunyimwa hewa.

Na maumbo je? Vyombo vya Odundo vina tumbo lililojaa kama la mama anayekaribia kujifungua. Vingine vina mfupa mdogo uliotokeza mgongoni, au vinundu viwili vitatu kama kitovu na chuchu. Shingo hupanda, huinama kidogo upande mmoja kama mtu asikilizaye, kisha mdomo hufunguka kwa upana. Wengi waliouona mdomo huo wameukumbuka mtindo wa nywele wa mama wa Kimangbetu. Vingi havikupewa jina. Husimama juu ya kitako kidogo sana, hata mtazamaji huogopa kwamba vitaanguka, lakini havianguki, kwa kuwa fundi amepima uzito wake kwa mikono.

Vyombo hivyo vimo katika makumbusho makubwa, likiwamo British Museum la London. Mwaka 2018 Odundo alifanywa mkuu wa heshima wa University for the Creative Arts huko Uingereza, mwaka 2020 akapewa cheo cha Dame, na mwaka 2022 vyombo vyake vilikuwamo katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia.

JE, SI UPUUZI?

Sasa turudi kwenye swali letu. Tumesikia maneno matatu ya kuipinga sanaa hii, na yote matatu yastahili jibu.

Neno la kwanza ni kwamba chungu kisicholisha watu ni anasa. Twajibu kwamba mtu haishi kwa chakula peke yake, kama Bwana wetu mwenyewe alivyomjibu mjaribu jangwani. Katika kanisa la parokia maskini kabisa huwekwa maua mbele ya Sakramenti, wala hakuna mwenye kusema kwamba maua hayo yangalipikwa mboga. Mungu alipoumba miti ya bustani hakuifanya iwe ya kulika tu. Maandiko yasema ilipendeza macho pia. Uzuri ni riziki ya namna yake. Hata hivyo neno hilo lina ukweli wake: mzazi asiuze unga wa watoto ili anunue sanamu. Twaomba tu kwamba asimcheke mtoto anayefinyanga.

Neno la pili ni kwamba si adabu kuuonyesha mwili wa binadamu katika udongo. Hapa yatupasa kupambanua. Kuna kazi zinazoutumia mwili ili kuamsha tamaa, na hizo twazikataa. Lakini tumbo la mama mjamzito si jambo la aibu kwa Mkristo. Mwana wa Mungu alikaa miezi tisa katika tumbo la namna hiyo, na katika Litania twamsifu Mama yake kwa jina la chombo. Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba mtu wa kwanza aliumbwa kwa mavumbi ya ardhi, na nabii Yeremia alitumwa nyumbani kwa mfinyanzi ili ajifunze jinsi Mungu anavyowashika watu wake. Mtume Paulo naye alisema kwamba hazina yetu tumeiweka katika vyombo vya udongo. Mfinyanzi anayeuheshimu mwili katika udongo anaikumbuka habari ile ile.

Neno la tatu ndilo zito kupita yote. Watasema: vyombo vya Odundo huuzwa kwa fedha nyingi London na New York, lakini mama mfinyanzi wa kijijini bado hulia gaeni. Hilo ni kweli, nasi hatutalifunika. Sufuria za aluminiamu na ndoo za plastiki zimeingia kila nyumba, na soko la vyungu limepungua. Mama akikosa mnunuzi huacha kazi, binti yake hajifunzi, na mama akifariki ujuzi hufariki naye. Hautaandikwa kitabuni, kwa kuwa ulikuwa vidoleni mwake. Odundo hawezi kuuzuia msiba huo peke yake. Lakini maisha yake ni shahidi kwamba ujuzi ule una thamani, na kwamba dunia ilipotaka kuona jambo jipya katika ufinyanzi ilibidi iende kuuliza akina mama wa Afrika. Yatakuwa mambo ya kusikitisha wageni wakijua thamani hiyo na wajukuu wasiijue.

KWA WANAFUNZI

Mwanafunzi anayetaka kujaribu hahitaji fedha. Achimbe udongo wa mfinyanzi kwa ruhusa ya mwenye kiwanja. Asichimbe karibu na mabaki ya migodi au ya viwanda vya shaba, maana udongo wa huko waweza kuwa na sumu ya madini. Auanike, autwange, auloweke majini, auchuje ili kokoto na mizizi zitoke. Maji yakipungua auchanganye na vigae vilivyosagwa au mchanga laini, ili usipasuke upesi. Kisha aukande kama mama akandavyo unga wa mkate, mpaka usiwe na hewa ndani.

Asianze kwa kunakili picha ya chombo cha London. Achukue kitu kilicho hai karibu naye, kama kibuyu, ganda la mbegu, uyoga wa msitu wa miombo, au kichuguu, akitazame siku nzima. Aulize: kimevimba wapi, na kwa nini? Kimepungua wapi? Ndipo aanze kufinyanga kwa kamba za udongo. Chombo kikauke polepole kivulini, siku nyingi, maana kikikaushwa juani kitapasuka. Kuchoma asifanye peke yake. Atafute mtu mzima ajuaye moto, ikiwezekana mama aliyewahi kuchoma vyungu.

Na chombo kikipasuka, asilie. Akisage vigae vyake, avichanganye na udongo wa chombo kijacho. Wafinyanzi wa Afrika wamefanya hivyo tangu zamani, na vigae vya jana hukipa nguvu chungu cha leo.

KWA WAZAZI

Ninyi wazazi, twawaombeni mambo mawili. La kwanza: kama katika ukoo wenu yuko bibi au mama mkubwa aliyewahi kufinyanga, mpelekeeni watoto wakati wa likizo. Wamwulize aliuchota udongo wapi, aliuchanganya na nini, alitumia jiwe gani la kusugulia, na kwa nini alikipa chungu mdomo wa namna ile. Waandike majibu yake katika daftari pamoja na jina lake. Kazi hiyo haigharimu kitu zaidi ya nauli, nayo haiwezi kungoja, kwa kuwa wazee hawatungoji.

La pili: mtoto akionyesha kipawa cha mikono, msimwambie kwamba hiyo ni kazi ya wasiojua kusoma. Mji wa Lubumbashi una historia ndefu ya sanaa. Mchoraji Mbelgiji Laurent Moonens alianzisha chuo cha sanaa humo mwaka 1951, na kabla yake, mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés alikuwa amefungua karakana ambamo Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga walijulikana kwa picha zao za samaki, ndege na wanyama wa nchi hii. Walionyesha kwa rangi kwamba viumbe vya Katanga vyatosha kumfundisha fundi maisha yake yote. Udongo nao waweza kusema hayo. Kuna pia nyumba ya makumbusho ya taifa mjini humo. Mpeleke mwanao akasimame mbele ya vyombo vya wazee wetu, naye aambiwe wazi kwamba vilifinyangwa na watu wa bonde la Lualaba, si na wageni.

Nyumba za Annexe zitaendelea kujengwa, na matofali yataendelea kuchomwa, kwa kuwa kila familia yahitaji ukuta na paa. Twatumaini tu kwamba, katika kila tanuru kubwa la matofali, mwenye tanuru atamruhusu mtoto mmoja aweke pembeni kichungu alichokifinyanga mwenyewe, kiungue pamoja na matofali ya baba yake.